Nakijwa na Sauti ya Ukunguni

Juu milimani Upareni, mawingu hukaa chini. Hukaa juu ya mapaa kama kuku anayeatamia mayai.

Chini ya wingu moja kuna nyumba ya bati. Humo anaishi Nakijwa.

Nakijwa ana miaka saba. Ana mwanya mmoja, ana viatu vya mvua, na ana sauti ndogo. Sauti yake ni ndogo kama ya sisimizi aliyejifunika shuka.

Kila Jumamosi, saa tisa alasiri, ukungu hushuka. Na kila Jumamosi, saa tisa alasiri, kule kilimani kitu huanza kulia.

Nguuu. Nguuu. Nguuuuu.

"Mama, ni nini kinalia?"

"Ni keezo, mwanangu. Wakereza wako kazini."

Keezo ni mashine. Hushika kipande cha mti na kukizungusha. Zungu, zungu, zungu! Fundi husogeza patasi, na mti unaviringika. Unakuwa mchi wa kutwangia. Unakuwa tendegu, yaani mguu wa kitanda. Kazi hiyo huitwa kukereza.

"Nataka kukereza, Mama. Nataka kuingia kwenye kikundi chao."

"Basi nenda. Piga hodi. Watakukaribisha."

Jumamosi ya kwanza, Nakijwa akapanda kilima. Akasimama mlangoni.

Hodi. Nguuu.
Hodi. Nguuu.
Hodi. Nguuuuu.

Hakuna aliyejibu. Na mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, hurudi kwao. Ndiyo adabu. Nakijwa akarudi kwao.

Jumamosi ya pili, vilevile. Hodi tatu. Nguuu tatu. Akarudi kwao.

Jumamosi ya tatu, Nakijwa akavaa viatu vyake vya mvua. "Leo ndiyo mwisho," akajisemea. "Wasiponijibu leo, siendi tena. Siendi kabisa."

Siku hiyo ukungu ulishuka mzito.

Mgomba ukapotea. Banda la mbuzi likapotea. Njia ikapotea, ikabaki hatua moja tu mbele ya viatu.

Watoto wa kule wana wimbo wao. Huuimba wakipita peke yao, tena haraka haraka:

*Ukungu, ukungu, mna nini ndani?*
*Mna mtu, mna mtu, usiulize nani.*

Nakijwa aliuimba kwa sauti yake ya sisimizi. Viatu vikamwitikia. Chwata. Chwata. Chwata.

Shwaaa.

Kitu kiliburuzika nyuma yake.

Nakijwa akasimama. Nacho kikasimama.

Nakijwa akatembea. Chwata, chwata. Nacho kikatembea. Shwaaa, shwaaa.

"Siogopi," alisema Nakijwa. Alikuwa anaogopa. "Nakwenda kukereza."

"Na mimi piiia," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti nyembamba. Ilikuwa baridi. Ilimgusa shingoni kama kitambaa kibichi.

Nakijwa akageuka. Hakuna mtu. Weupe. Weupe tu.

Nakijwa akatimua mbio.

Nyumba ya wakereza zamani ilikuwa ghala la kahawa. Ni ndefu. Ni nyeusi. Ina mlango mkubwa na dirisha moja la kioo. Ndani yake keezo lilikuwa linanguruma.

"Hodi," alisema Nakijwa. Nguuu.

"Hodi," alisema Nakijwa. Nguuuuu.

Ilibaki hodi moja. Moja tu. Nyuma yake, kule kwenye weupe, kitu kilikuwa kinapumua.

Nakijwa akajaza kifua pumzi. Na hapohapo umeme ukakatika.

Nguuu... nguu... ngu.

Kimya. Kimya kikubwa.

"Hodi," alisema Nakijwa.

Ile sauti ya sisimizi ikasikika ghala zima.

"Karibu," likajibu giza.

Mlango ukafunguka. Kriiiii.

Ndani walisimama watu wawili. Walikuwa weupe. Nywele nyeupe. Nyusi nyeupe. Kope nyeupe.

*Mizimu!* aliwaza Nakijwa. Miguu yake ikataka kukimbia. Lakini nje kulikuwa na ile sauti. Angekimbilia wapi?

Mzimu mmoja ukafungua mdomo. Ukainua pua. "A... a... ACHWAAA!"

Vumbi likaruka. Chini ya vumbi kulikuwa na masharubu meusi.

Nakijwa akafikiri kidogo. "Mizimu haipigi chafya," alisema.

"Basi sisi si mizimu!" alisema yule mwenye masharubu. "Ni vumbi la mbao tu, binti yangu. Mimi ni Fundi Mbonea. Na huyu ni Mama Mrutu, mwenyekiti wa kikundi."

"Shikamooni," alisema Nakijwa.

"Marahaba," alisema Mama Mrutu. Alikuwa mama mrefu, mwenye mikono mipana. "Umetumwa? Mama yako anataka mwiko?"

"Hapana."

"Anataka mchi?"

"Hapana. Sikutumwa. Nimekuja mimi."

"Ahaa!" alisema Fundi Mbonea. "Sikiliza. Mimi nakereza mchi. Mwenyekiti anakereza tendegu. Na wewe je?"

"Na mimi pia," alinong'ona Nakijwa.

Alikuwa na maana kwamba, na mimi vilevile. Nataka kuwa kama ninyi.

Fundi Mbonea akapiga makofi, vumbi likatimka. "Pia! Umesikia, Mwenyekiti? Anataka pia! Pia ya kuchezea!"

"Amechagua vizuri," alisema Mama Mrutu. "Pia ni ndogo. Inamfaa mdogo."

Nakijwa akafungua mdomo. Akaufunga. Wakubwa wawili walikuwa wamefurahi sana. Utawakatizaje?

Basi ikawa pia.

Umeme ukarudi. Taa moja ikawaka, katikati ya dari.

Na dirishani, kitu kikajibandika kwenye kioo.

Kilikuwa cheupe. Hakikuwa na macho. Lakini kilikuwa kinatazama.

Nakijwa peke yake ndiye aliyekiona.

Mama Mrutu akamvalisha miwani ya kazi. Ilikuwa mikubwa. Nakijwa akawa kama bundi.

Mama Mrutu akafunga kipande cha mti kwenye keezo. Akaweka mikono yake mipana juu ya mikono midogo ya Nakijwa. Wakashika patasi pamoja.

"Usiusukume mti," alisema. "Usubiri. Utakuja wenyewe."

Nguuu! Zungu, zungu, zungu!

Mti ukaja. Ukaja tena. Ukaja tena. Maranda yakaruka, yamejikunja, yananukia.

Juu ukawa mnene. Chini ukawa mwembamba. Mwisho, ncha.

Kisha msasa. Sha, sha, sha. Sha, sha, sha.

Nakijwa akaitazama pia yake. Ilikuwa laini. Ilikuwa na joto, kama yai lililotoka kutagwa.

"Sasa mimi ni mkereza?" aliuliza.

"Bado kidogo," alisema Mama Mrutu.

Akamwonyesha ukuta. Ukutani kulikuwa na majina, yameandikwa kwa chaki. Majina mengi, mengine ya zamani sana.

"Hapa tuna desturi yetu," alisema Mama Mrutu. "Kitu cha kwanza unachokereza si chako. Ni cha mtu wa kwanza atakayekuomba. Yeyote yule. Akishapata alichoomba, jina lako linapanda ukutani."

"Mimi cha kwanza nilikereza mwiko," alisema Fundi Mbonea. "Akauomba mama mkwe wangu. Siku hiyohiyo akanipiga nao."

Nakijwa akacheka. Mama Mrutu akacheka.

Nje, mtu mwingine hakucheka.

"Na mimi piiia," ikasema sauti dirishani.

Kicheko kikafa.

"Nani huyo?" alinong'ona Mama Mrutu.

"Na mimi piiiiia."

Taa ikayumba. Kioo cha dirisha kilikuwa cheupe chote, toka juu mpaka chini.

"Fundi Mbonea!" alisema Mama Mrutu. "Unafanya nini chini ya meza?"

"Natafuta patasi yangu."

"Umeishika mkononi."

"Basi nimeipata. Nakaa nayo hukuhuku."

Mama Mrutu akamtazama Nakijwa. Nakijwa akaitazama pia yake. Wote wawili walikuwa wamesikia. Kuna aliyeomba. Na alikuwa wa kwanza.

"Ni lazima?" aliuliza Nakijwa.

"Si lazima," alisema Mama Mrutu. "Unaweza kurudi nyumbani. Nitakusindikiza mwenyewe. Lakini jina halitapanda."

Nakijwa akautazama ukuta. Akaona nafasi ndogo, chini kabisa, ambapo jina lingeenea.

"Nitampelekea," alisema.

Mama Mrutu akachukua kamba ndefu ya katani. Ncha moja akamfunga Nakijwa kiunoni. Ncha ya pili akaishika mwenyewe.

"Nipo hapa mlangoni. Ukivuta, nami navuta."

Kriiiii.

Nakijwa akatoka.

*Ukungu, ukungu, mna nini ndani?*
*Mna mtu, mna mtu, usiulize nani.*

Hatua moja. Mlango ukapotea.

Hatua ya pili. Taa ikapotea.

Hatua ya tatu. Viatu vyake mwenyewe vikapotea. Ilibaki kamba tu, ikinyooka nyuma yake, ikiingia kwenye weupe.

Shwaaa. Kitu kikamzunguka. Kikamzunguka tena. Kilikuwa kila upande.

Akainama, akapapasa, mkono ukagusa jiwe bapa. Nakijwa akaizungushia pia uzi aliopewa na Mama Mrutu. Akairusha.

Vuuuuuu!

Pia ikasimama juu ya jiwe. Ikazunguka. Ikaimba. Ikachoka, ikalala.

Hakuna aliyeiokota.

"Chukua," alisema Nakijwa. "Ni yako."

"Na mimi piiia."

"Ndiyo hiyo pia. Nimeshakupa."

"Si hiiiyo," ikasema sauti.

"Hakuna nyingine!"

"Si pia ya kucheeeza." Sauti ikawa ndogo. Ikawa ndogo sana, kama ya sisimizi. "Na mimi pia. Kama wewe."

Nakijwa akainua uso.

Maneno hayo aliyajua. Aliyasema mwenyewe, mbele ya Fundi Mbonea. Naye hakumwelewa.

"Kumbe unataka kuingia ndani?"

"Ndiiiyo."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Ukungu. Kila Jumamosi nashuka. Kila Jumamosi nasikiliza dirishani. Hakuna anayeniambia karibu."

"Lazima upige hodi kwanza," alisema Nakijwa. "Ndiyo adabu."

"Sina mkono wa kubishia mlango."

Nakijwa akautazama mkono wake. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa na vumbi.

"Mimi ninao," alisema.

Akaunyoosha mbele, kwenye weupe.

Kitu baridi kikaingia kati ya vidole vyake. Kilikuwa chepesi kama pumzi. Kikamshika.

Wakarudi wakiifuata kamba. Chwata, chwata. Shwaaa, shwaaa.

Mama Mrutu alikuwa mlangoni. "Umerudi! Ingia upesi nifunge. Ukungu huu utatuvimbishia mbao."

Nakijwa hakuingia.

Akakunja ngumi. Akagonga ubao wa mlango.

Ko! Ko! Ko!

"HODI!"

Ilikuwa hodi kubwa. Hata Fundi Mbonea aliruka, akagonga kichwa chini ya meza.

"Hodi ya nini, na mlango uko wazi?" alishangaa Mama Mrutu.

"Si yangu," alisema Nakijwa. "Yangu mliijibu. Hii ni ya mwenzangu."

Mama Mrutu akatazama nyuma ya Nakijwa.

Ule weupe ulikuwa umesimama kizingitini. Haukuingia. Haukuondoka. Ulikuwa unangoja, kama mgeni.

"Huyu ndiye aliyeomba?" alinong'ona Mama Mrutu.

"Ndiye. Lakini hakuomba pia ya kuchezea. Alisema, na mimi pia. Anataka kuwa mkereza. Hata mimi nilisema hivyohivyo."

Fundi Mbonea akasema polepole chini ya meza, "Kumbe! Mwenyekiti, tumemkerezesha mtoto wa watu pia bure."

"Si bure," alisema Nakijwa. "Nimeipenda."

Mama Mrutu alikuna kichwa, vumbi likaanguka. "Ukungu na mbao havikai pamoja, mwanangu. Miaka yote tunamfungia nje."

Nakijwa akautazama ukuta wa majina. Akaitazama ile nafasi yake ndogo.

"Aliyeomba hajapata alichoomba," alisema. "Basi jina langu lisiandikwe."

Akabaki nje. Maji ya ukungu yalimtiririka puani.

Mama Mrutu akamtazama mtoto. Akamtazama mgeni. Akazitazama mbao zake.

"Fundi Mbonea."

"Naam."

"Toka huko chini. Funika mbao kwa turubai. Zote. Funga vizuri."

Turubai likatandazwa. Pwaa! Kamba zikakazwa. Nyii, nyii.

Ndipo Mama Mrutu akafungua mlango wote.

"Karibu," alisema.

Shwaaaaaaa.

Ukungu akaingia polepole. Angekuwa na miguu, angeifuta kwanza. Akapita chini ya keezo. Akapita juu ya maranda. Akamgusa Fundi Mbonea masharubu.

"Ana baridi!" alisema Fundi Mbonea. "Lakini ana heshima."

Vumbi lote likalowa. Likatua chini. Fundi Mbonea akainua pua, "A... a...", akangoja. Chafya haikuja.

"Sasa," alisema Mama Mrutu, "desturi ni desturi. Anayetaka kuwa mkereza hukereza kitu."

"Hana mikono," alisema Nakijwa.

"Anajua kuzunguka?"

"Hilo najuuua," ikasema sauti.

Ukungu akapanda juu. Akaifikia ile taa moja, katikati ya dari. Akaanza kuizunguka.

Zungu. Zungu. Zungu.

Hakukuwa na nguuu. Hakukuwa na sauti yoyote. Watu watatu walitazama juu, na hakuna aliyethubutu kupumua.

Mwanga ukaanza kuviringika.

Kwanza mduara mweupe. Kisha, ndani ya mweupe, mduara wa njano. Kisha pembeni kabisa, utepe mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua.

Ukaelea pale juu, kama bangili ya mtu mkubwa sana.

"Nimekereza miaka thelathini," alinong'ona Mama Mrutu. "Nimekereza mpingo. Nimekereza mvule. Sijawahi kukereza mwanga."

"Naomba mimi!" alisema Fundi Mbonea. "Mimi wa kwanza kuomba! Jamani, mnisikie!"

Akasimama chini ya ule mduara, kifua mbele, kama bwana harusi anayepigwa picha.

Mama Mrutu akachukua chaki. Akaandika ukutani, polepole, kwa herufi kubwa: NAKIJWA.

Na Ukungu je? Chaki haikushika. Sehemu iliyobaki ya ukuta ilikuwa imeshalowa.

Nakijwa akaenda dirishani. Kioo kilikuwa cheupe. Akaandika kwa kidole: UKUNGU.

Herufi zikalia matone kidogo. Lakini zilisomeka.

Jioni, Mama Mrutu alimsindikiza Nakijwa mpaka chini ya kilima. Mgomba haukuonekana. Banda la mbuzi halikuonekana. Weupe tupu.

Mbele yao, juu ya njia, kitu kidogo kilikuwa kinazunguka. Vuuuuuu. Kiliwaongoza kona hadi kona, hadi nyumba ya bati. Na hakukuwa na mkono uliokirusha.

Mama Mrutu aliona. Alimshika Nakijwa mkono vizuri zaidi, basi.

Usiku, Nakijwa alioga maji ya moto. Maranda matatu yalitoka kwenye nywele zake. Alikunywa uji. Akapanda kitandani.

"Walikukaribisha?" aliuliza Mama.

"Walitukaribisha," alisema Nakijwa, na macho yake yakaanza kujifumba.

Mama akaenda dirishani. Nje hakukuwa na nyota wala mti. Kitu cheupe kilikuwa kimeegemea ukuta, kimya kabisa.

"Lo, ukungu gani huu," alisema Mama. "Ngoja nifunge dirisha."

"Usifunge, Mama," alisema Nakijwa kutoka ndani ya shuka. "Acha wazi kidogo. Huyo ni mwanachama mwenzangu."

Mama akasimama pale, mkono kwenye komeo. Akatazama nje kwa muda mrefu.

Kisha akaacha wazi. Kidogo tu.